Modeli ya nishati tuliyolipia, na ile ndoo nyuma ya jikoni

Mie naangalia mitambo ya kompaundi moja huku Nyali, Mombasa, majengo manne, yote yanavuta maji baridi ya AC kutoka kwa chila moja, ile mashine ya kupoza maji, kando ya jenereta. Sasa tajiri akataka jengo jipya lipate cheti cha LEED, kile cha majengo yanayojali mazingira, ikabidi tutafute mtu wa kutupigia modeli ya nishati, yaani hesabu ya kompyuta ya jengo litakula nishati kiasi gani. Naandika maana pesa ilotoka si haba.

Raundi ya kwanza, jamani. Ripoti imekuja na grafu za rangi safi kabisa, kuangalia Julai naona usiku AC hazifanyi kazi hata kidogo. Nyali hii? Kumbe kijana ametumia faili ya hali ya hewa ya Nairobi! Na modeli inapiga hesabu saa kwa saa mwaka mzima, saa 8,760, yaani ukikosea hewa umekosea zote. Akaomba radhi, akarekebisha, yakaisha.

Kasheshe yenyewe ilikuwa chila. Alichukua ufanisi ulioandikwa kwenye kibati cha mashine akauingiza kana kwamba chila ni ya jengo letu peke yake, wakaguzi wakairudisha. Kumbe LEED ina kanuni za majengo yanayopozwa na mtambo wa pamoja, na sisi tuliangalia njia mbili. Ya kwanza unahesabu kama unanunua maji baridi, jengo lako na lile la kulinganishia (la kwenye hesabu tu, linalofuata ASHRAE 90.1 Kiambatisho G, kanuni za Kimarekani za nishati ya majengo), bei moja pande zote, kwa hivyo chila iwe nzuri iwe mbovu haikupi wala haikunyimi, unapimwa kwa vioo, kuta, taa, feni. Ya pili mtambo wote unaingia: jengo la kulinganishia linapewa mashine zake lenyewe kwa mujibu wa kanuni, lako linabeba ufanisi wa mtambo wenu vile ulivyo, umeme wa pampu juu, na ubaridi unaopotea njiani.

Njiani! Hapo nikampeleka nyuma ya jikoni. Kuna bomba sponji yake imechanika mita kadhaa, linatoka jasho mchana kutwa, tumeliwekea ndoo ya rangi ya lita 20 na kila asubuhi mlinzi anaimwaga imejaa. Mvuke ukigeuka maji juu ya bomba unaliachia joto lake, lita moja ni kama 0.68 kWh, piga ndoo nzima, zaidi ya 13 kWh za ubaridi kila siku, hapo sijahesabu joto la hewa tupu. Nikamuuliza, hii ndoo iko wapi kwa modeli yako? Akacheka, lakini akaandika.

Mwisho tukaenda njia ya kwanza. Hatuna mita ya kupima ubaridi kwenye hayo mabomba, na namba za kukisia nani atazikubali, halafu chila yenyewe chumvi ishaila.

Nampa nyota tatu. Mkiitisha modeli na chila ni ya kushare, muulizeni kabla ya deposit atauhesabu vipi mtambo, akibabaika tafuteni mwingine. Kazi ya mwisho ilikuwa safi, siwezi kumdhulumu, na simu anashika hata Jumapili. Ila nyota mbili nimekata, moja ya Nairobi, ya pili ni vile alitutumia invoisi ya kurekebisha makosa yake mwenyewe.