Alama za mhusika: kurusha dadu au kununua kwa pointi?

Kwenye mchezo wa kuigiza wahusika uitwao Dungeons & Dragons, kabla mhusika hajashika upanga lazima apewe alama sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Toleo la 1974 lilitaka dadu tatu kwa kila alama, upende usipende. Toleo la tano, lililotoka 2014, linakupa hiari.

Ukiamua kurusha, unatupa dadu nne, unaondoa iliyo ndogo kuliko zote na kujumlisha zilizobaki. Wastani ni 12 na ushee. Raha yake ni kutojua utaangukia wapi: mchawi mwenye nguvu 6 ana kisa tayari hata kabla hajafungua mdomo. Shida inakuja mezani. Mmoja akipata 18 mbili na mwenzake asivuke 13, huyu wa pili atakaa akimbebea mwenzake mizigo miezi na miezi, maana alama hizi hazipandi upesi.

Kwa pointi, kila mchezaji ana 27. Kabla ya nyongeza, alama huanzia 8 na kuishia 15, na za juu ni ghali: 13 inagharimu pointi 5, 15 inagharimu 9. Hapo hakuna wa kulalamika, ila mashujaa hufanana. Karibu kila mpiganaji huja na akili 8.

Kwa kampeni ndefu, yaani kisa kimoja kinachochezwa vikao vingi, mimi ni wa pointi. Mchezo wa jioni moja, rusheni tu, tena mbele ya mwendesha mchezo. Wanaorushia nyumbani huwa na bahati ya ajabu.