Atelye ya batri Kamalondo: pakiti iko fiti, shida ni ile pipa ya nyuma

Nyota nne. Ya tano nimeizuia, na si kosa ya papa mwenye atelye.

Kwa wenye hawapajui, ni kanafasi kadogo, mlango wa bulu, ubao wa chaki nje. Unapeleka batri za lithiamu zenye zimechoka, za laptopu, pawabanki, tochi, wanazipasua, wanatoa zile seli za duara, zenye bado zina uzima wanazifunga upya pakiti ya volti 12 ya taa na televizheni umeme ukikatika, na hiyo hapa L'shi (Lubumbashi) tunaijua vizuri.

Chenye nilipenda ni kupima. Kijana anashika multimeta, kale kamashini ka kupima volti, seli moja moja, ikiwa chini ya volti 2 anaitupa upande, hata umbembeleze "yaya shaji tu kidogo" anakataa, eti ikishashuka hivyo shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, ukiilazimisha inaweza piga shoti ikawaka. Zenye kupita anazishaji mpaka 4.2, anaziacha zilale, anapima tena, yenye imeshuka haiingii. Inachelewesha, nilinuna, lakini pakiti yangu inamaliza mechi na taa juu. Dola 40. Batri kuukuu wanakupunguzia kwa kilo, ila zile za sola za lithiamu fosfati hazina kobalti, ile madini ya bei, usikasirike wakikupa kidogo.

Sasa ile pipa. Imejaa mchanga mkavu na seli zenye zimekufa, ncha zote zimefungwa skochi (utepe wa gundi). Papa, hizi zinaenda wapi? Akacheka: haziendi. Wanunuzi wa vyuma hawazitaki, jalalani anaogopa moto, na kuzitoa nje ya nchi ni karatasi za Mkataba wa Basel, ule wa dunia wa takataka za sumu, serikali ya huku ikubali na ya kule ikubali, sasa fundi wa Kamalondo atazitoa wapi?

Na kobalti yenyewe pengine ilitoka hapo Kolwezi, kwenye migodi yetu! Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, halafu inakuja kufia kwenye pipa. Ulaya walitoa sheria 2023, mwenye kuleta batri sokoni ndiye analipia kuzikusanya, na viwanda vya kurisaikili vinadaiwa kurudisha asilimia 90 ya kobalti na 50 ya lithiamu mwisho wa 2027. Sisi 2022 tulisaini na Zambia kutengeneza batri pamoja, sawa, lakini zenye zimekufa nani anazishika? Ufundi si mgeni Katanga: seli zinasagwa, unga mweusi unapigwa asidi ya salfa, kobalti inatoka, ni ndugu ya kazi yenye viwanda vyetu vinafanya na mawe kila siku. Kampuni inataka tani, papa ana pipa moja. Serikali iingie hapo katikati: ifungue sehemu ya kukusanyia kila komini (mtaa mkubwa wa mji) na impe papa kibali, kampuni zilipe lori. Hapo naongeza nyota.

Ukienda, nenda asubuhi, mchana kunajaa. Batri yenye imevimba usiitoboe wala usiiweke mfukoni. Na garanti wakuandikie kwenye fakti (risiti), mi walitaka kunipa miezi mitatu ya mdomo nikakataa, wakaandika.