Uzoefu wangu: Windows XP ndani ya VirtualBox, kwa printa ambazo Windows 11 imezikataa

Printa ya leza ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 inaweza kuwa nzima kabisa, katriji zake bado zinauzwa, na laptopu mpya ikasema haiijui. Tatizo liko kwenye draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa. Windows 11 hutolewa ya biti 64 peke yake, na draiva ya kerneli (inayofanya kazi ndani ya kiini cha mfumo) iliyoandikwa kwa biti 32 haipakiki humo hata ufanyeje. Ndipo watu huanza kutafuta namna ya kurudisha XP au Windows 7 kwenye mashine mpya. Njia zote ninazijua vizuri, na msimamo wangu ni huu: sakinisha mfumo wa zamani ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa na programu ndani ya kompyuta yako), usiuweke moja kwa moja kwenye diski ya laptopu. VirtualBox, programu ya kutengeneza mashine pepe, ikiwa na Windows XP SP3 ndani, naipa nyota nne kati ya tano, na sababu ya nyota moja kupungua nitaieleza.

Kwanza hakikisha kwamba unaihitaji kweli. Swali la msingi ni lugha ambayo printa inaielewa. HP LaserJet 1200 au 4050 zinaelewa PCL, lugha ya uchapaji ya HP, kwa hiyo HP Universal Print Driver huziendesha kwenye Windows 11 bila mashine pepe yoyote. Kuanzia toleo la 24H2 kuna mpangilio unaoitwa Windows protected print mode. Ukiwashwa huzuia draiva za watengenezaji, kwa hiyo angalia kama umezimwa. Printa ya doti kama Epson LX-300 inaelewa ESC/P, lugha ya Epson, na kwa maandishi matupu draiva ya Generic / Text Only iliyomo ndani ya Windows inatosha.

Wanaohitaji mashine pepe ni wa aina mbili. Wa kwanza wana printa zinazotegemea kompyuta kufanya hesabu yote ya nukta za ukurasa, kama HP LaserJet 1000 au Canon LBP-810 na LBP-1120. Hizo bila draiva yake mwenyewe hazina zinachoweza kuelewa. Wa pili wana programu ya DOS, ya stoo au ya uhasibu, inayotuma ankara kwenye LPT1, jina la mlango wa pararali wa printa. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, basi hapo hata printa ikiwa mpya tatizo linabaki palepale.

Kwa nini nisiiweke XP au Windows 7 kwenye diski yenyewe? Kwa sababu laptopu za sasa zimeondoa karibu kila kitu ambacho mifumo hiyo inakitegemea. XP haina draiva ya AHCI (njia ya kuongea na diski za SATA), kwa hiyo usakinishaji huishia skrini ya buluu yenye 0x0000007B, na haiwezi kuwaka kutoka diski ya GPT, mpangilio mpya wa kugawa diski. Windows 7 haina draiva ya USB 3.0. Kwenye mashine ambazo milango yote ya USB inaendeshwa na xHCI (kidhibiti cha USB 3.0), kipanya na kibodi za USB hufa mara tu skrini ya usakinishaji inapotokea. SSD ya NVMe, diski ya kasi ya laptopu za sasa, haionekani mpaka uchomeke kiraka cha KB2990941 kwenye faili za usakinishaji. Windows 7 ya biti 32 haiwaki kwa UEFI (mrithi wa BIOS) kwenye kompyuta za kawaida, na ile ya biti 64 bado inataka CSM (hali ya UEFI kuiga BIOS ya zamani), ambayo laptopu nyingi mpya hazinayo tena. Hata ukivuka vyote hivyo, utakosa draiva ya kadi ya picha na ya Wi-Fi. Ni kazi kubwa yenye malipo madogo.

Ndani ya VirtualBox vikwazo hivyo havipo, kwa sababu XP huonyeshwa vifaa vya enzi yake. Mipangilio ninayoitumia ni RAM ya MB 512, prosesa moja, diski ya GB 10, na chipset ya PIIX3. Diski iunganishe kwenye kidhibiti cha IDE, usiichomeke kwenye SATA, la sivyo ile 0x0000007B itakufuata hata humu. Kadi ya mtandao chagua Intel PRO/1000 T Server, kwani XP huitambua bila draiva ya nje. Kwa Windows 7 ya biti 32 toa GB 2 za RAM na diski ya GB 25. Lakini kama draiva ya printa yako ipo ya XP, chukua XP, maana ni nyepesi na huwaka haraka. Leseni halali unahitaji kwa vyovyote. Kabla ya yote, ingia BIOS uhakikishe VT-x au AMD-V, uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe, umewashwa.

Sehemu inayowashinda wengi ni USB. Kuanzia VirtualBox 7.0, vidhibiti vya USB 2.0 na 3.0 vimo kwenye programu yenyewe, huhitaji tena kiongezo. Chagua USB 2.0. Ukichagua 3.0, XP haina draiva yake na printa haitaonekana. Kisha tengeneza kichujio cha USB (kanuni inayoamua kifaa gani kipelekwe XP) kwa ajili ya printa, na hapa kuna jambo la kushika: VirtualBox hujaza sehemu zote za kichujio kutokana na kifaa kilichochomekwa, pamoja na Revision na namba ya mfululizo. Futa zote, ubakishe Vendor ID na Product ID tu. Vendor ID ya HP ni 03F0, ya Canon 04A9, ya Epson 04B8. Sababu ni kwamba printa kama LaserJet 1000 haihifadhi programu yake ya ndani. Kila inapowashwa, draiva huipakia upya kupitia USB, na ikijitambulisha tofauti kidogo baada ya hapo, kichujio chenye masharti mengi kitaikosa na Windows 11 itaichukua.

Mpangilio wa kuwasha nao una maana. Washa XP kwanza, sakinisha draiva ya printa printa ikiwa haijachomekwa, ndipo uchomeke kebo. Ukipata ujumbe kwamba kifaa kina shughuli ya ombi lililotangulia, maana yake Windows 11 imeshakishika. Chomoa, subiri sekunde chache, chomeka tena huku XP ikiwa inaendelea kuwaka. Kama printa hupotea katikati ya kazi ndefu, weka hub ya USB 2.0 kati yake na laptopu. Printa za USB 1.1 mara nyingi hazielewani na milango ya xHCI moja kwa moja, na hub ya bei ya chini hutuliza ugomvi huo. Kebo fupi ni bora, na usizidi mita 5.

Kwenye Linux ongeza hatua moja: jiunge na kundi la vboxusers kwa amri ya sudo usermod -aG vboxusers $USER, toka na uingie tena. Bila hivyo orodha ya USB itakuwa tupu.

Sasa printa inachapa kutoka XP, lakini nyaraka zako ziko Windows 11. Wengi hujaribu kuishiriki printa kwa mtandao, na hapo XP inataka SMB 1, itifaki ya zamani ya kushiriki faili na printa, ambayo Windows 11 imeizima kwa sababu za usalama. Sishauri kuiwasha. Njia ninayoiamini ni folda ya pamoja. Sakinisha Guest Additions (viongezo vya VirtualBox) ndani ya XP, tengeneza folda kwenye Windows 11, ipe herufi ya P ndani ya XP, kisha weka kisomaji cha PDF cha SumatraPDF 3.1.2, ambalo ndilo toleo la mwisho linalokubali XP. Upande wa Windows 11 unachapa kwa Microsoft Print to PDF na kuhifadhi kwenye folda hiyo. Upande wa XP faili hii ya bechi (orodha ya amri), ikiwa kwenye folda ya Startup, inamaliza kazi (folda ya C:\foleni itengeneze kwanza):

@echo off
:anza
for %%f in (P:\*.pdf) do (
ren "%%f" "%%~nf.sasa" && (
copy "P:\%%~nf.sasa" C:\foleni\kazi.pdf >nul
start /wait "" C:\sumatra\SumatraPDF.exe -print-to-default -silent C:\foleni\kazi.pdf
del "P:\%%~nf.sasa"
)
)
ping -n 6 127.0.0.1 >nul
goto anza

Amri ya ren ipo kwa sababu maalumu. Faili ikiwa bado inaandikwa na Windows 11, kubadilisha jina kutashindikana na bechi itairuka mpaka mzunguko unaofuata, kwa hiyo hutapata nusu ukurasa. Ping inafanya kazi ya kusubiri kama sekunde tano, kwani XP haina amri ya timeout.

Kwa printa za doti zenye tundu la Centronics la pini 36, kebo ya kugeuza USB kuwa pararali hufanya kazi, ila ielewe ilivyo. Haikupi LPT1. Ndani ya XP itaonekana kama printa ya USB kwenye mlango wa USB001. Programu ya DOS inayoandika kwenye LPT1 kwa njia ya kawaida unaielekeza hivi: shiriki printa kwa jina fupi, tuseme DOTI, kisha andika net use lpt1 \\JINALAKOMPYUTA\DOTI /persistent:yes. Amri hii inahitaji kadi ya mtandao iliyo hai, hata kama hakuna mtandao wowote nje. Mtandao wa Host-only, ulio kati ya mashine pepe na laptopu tu, unatosha. Programu inayozungumza moja kwa moja na 0x378, anwani ya mlango wa pararali, au inayotegemea kidude cha ulinzi kwenye mlango wa pararali, haitapona kwa kebo hiyo.

Ukiona ankara inatoka baada ya kuchelewa, au inasubiri mpaka ufunge programu, tatizo ni muda ambao XP husubiri kabla ya kuona kazi imekwisha. Uko kwenye rejista, HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\WOW, thamani ya LPT_timeout, ambayo kawaida ni 15. Punguza iwe 3 au 5. Na kama maandishi yanahama kidogo kidogo kila ukurasa kwenye karatasi ya mfululizo, angalia urefu wa fomu. Karatasi ya inchi 11 ina mistari 66 kwa mistari 6 kila inchi, wakati A4 hubeba 70. Draiva ikiachwa kwenye A4, mchapo utahama tu.

Nyota iliyopungua ni ya kasi. Kwenye Windows 11 yenye Memory integrity (ulinzi wa kiini cha Windows), VirtualBox hulazimika kupitia Hyper-V, mfumo wa Microsoft wa mashine pepe, nawe utaona alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha. XP huwa nzito, na kipanya huchelewa. Amri ya bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, ukiwa msimamizi, pamoja na kuzima Memory integrity na kuwasha upya, hurudisha kasi, lakini pia huzima WSL 2 (Linux ndani ya Windows) na kukupunguzia ulinzi. Kwa laptopu ya ofisi yenye taarifa za watu mimi ningeacha ulinzi ukiwa umewashwa. Kazi ya kuchapa tu inavumilia uzito huo.

XP iliacha kupata msaada tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kwa hiyo mashine pepe isiguse intaneti kamwe. Host-only humpa mgeni, yaani XP, anwani za 192.168.56 bila njia ya kutoka nje, na ndiyo maana naipenda. Ukimaliza siku, zima XP kabisa badala ya kuhifadhi hali yake, kwani printa iliyozimwa usiku itaamka haina programu yake ya ndani huku draiva ikidhani ipo.

Kinachonifurahisha zaidi ni uhamaji. Zima mashine pepe, nakili folda yake yote yenye faili ya .vbox (mipangilio) na ya .vdi (diski), na siku laptopu ikifa unaifungua kwenye nyingine. Iache na anwani yake ileile ya MAC, ili uamilishaji wa XP usione kompyuta ngeni.

Kwa laptopu za prosesa ya ARM, zikiwemo Mac za M1 na kuendelea, haya yote hayafai, kwa sababu VirtualBox haiendeshi XP ya x86 juu yake. Kwenye Mac, programu ya UTM huiga prosesa nzima na inaweza kuipa XP kifaa cha USB, ila polepole. Na mwenye LaserJet 1000 asiye na programu nyingine ya zamani anaweza kuruka Windows kabisa. Draiva ya foo2zjs kwenye Linux huiendesha kupitia CUPS, mfumo wa uchapaji wa Linux, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inatosha kuihudumia ofisi nzima.