TAHADHARI: Bolti za Lee-Enfield zilizogongwa namba upya zinauzwa Mombasa

Kwa wenye vyeti vya silaha na wakusanyaji wa vitu vya vita hapa Mombasa: kuna muuzaji anayepitisha picha za bunduki za Lee-Enfield, bunduki za zamani za jeshi la Uingereza, kwenye magrupu ya WhatsApp. Anadai namba ya bolti (kipande kinachosukumwa kufunga nyuma ya risasi) na ya mwili (chuma kinachoishika bolti) zinalingana, kwamba fundi ameshazirekebisha na ziko tayari kupigwa. Anataka nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla hujaishika bunduki. Usitume hata shilingi.

Namba kulingana peke yake si ushahidi. Kwenye SMLE, aina ya Lee-Enfield iliyotangulia No. 4, namba iko mbele ya mwili upande wa kulia, na nyingine nyuma ya mkono wa bolti. Kinachofanywa ni kusaga ile ya mkononi na kugonga mpya. Mulika tochi kwa pembeni: sehemu iliyosagwa huwa bapa kuliko chuma kilichoizunguka, tarakimu hazifanani umbo na zile za mwilini, na rangi nyeusi hapo ni mbichi. Hadithi nayo mara nyingi haisimami. Bunduki aina ya No. 4 ni ya Vita vya Pili vya Dunia, anayekuuzia No. 4 kama ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) wa 1914 anakudanganya waziwazi.

Hatari yenyewe iko hapa. Meno mawili ya kufungia ya Lee-Enfield yako nyuma ya bolti, na kiwandani kila bolti ililinganishwa na mwili wake ili meno yote mawili yabebe mzigo pamoja. Ukitia bolti ya bunduki nyingine, jino moja linaweza kubeba lote. Kisha kuna pengo kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda la risasi. Pengo likizidi, ganda hunyooka mlipuko unapolisukuma nyuma, hupasuka karibu na kitako, na gesi ya moto humrudia mpigaji usoni.

Kwenye No. 4, pengo hurekebishwa kwa kubadilisha kichwa cha bolti. Vichwa vina namba 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Vya SMLE havina namba hizo, hupimwa kimoja kimoja. Tapeli hupunguza pengo kwa kuweka washa nyembamba kati ya kichwa na mwili wa bolti. Fungua kichwa, utazame ndani. Kichwa sahihi kikikazwa kwa mkono, sikio lake (kipande kinachojitokeza pembeni) hulingana au karibu kulingana na ubavu mrefu wa bolti (mwinuko unaokwenda kwa urefu wake). Kikizunguka na kupita mbali, kimechakaa au si cha bolti hiyo.

Kupima pengo kunahitaji geji, kipande cha chuma chenye unene maalumu kinachokaa mahali pa risasi, wala si risasi halisi. Risasi zisiwemo kabisa chumbani. Elekeza mtutu upande salama, toa magazini, fungua bolti, tazama chemba kisha uiguse kwa kidole. Ondoa ndoano inayovuta ganda. Pini na springi yake zitolewe pia, kwa ufunguo wake maalumu. Safisha chemba na uso wa bolti, tia geji, sukuma bolti na ushushe mkono wake kwa kidole kimoja bila nguvu. Kwa geji ya inchi 0.064 (milimita 1.63) bolti lazima ifunge. Kwa ya 0.067 ikikataa kufunga, pengo ni zuri. Ikifunga kwa 0.070 (milimita 1.78), bunduki isipigwe mpaka fundi mwenye leseni aitengeneze. Kipimo cha kijeshi cha kukataa kilikuwa 0.074, lakini hicho si cha kujipa moyo nacho leo.

Sasa hila anayoitumia zaidi: anakuonyesha bolti ikigoma juu ya geji. Springi ya Lee-Enfield hukazwa bolti inaposukumwa mbele, si inapofunguliwa, basi akisimamisha mkono pale springi inapoanza kupinga, itaonekana geji imekataa. Mwambie aitoe springi. Akikataa, ondoka.

Kagua na mtutu. Fataki (viwashio vya kwenye kitako) za risasi za kale huacha chumvi inayovuta unyevu, na hewa yetu ya pwani humalizia kazi. Nje pamepakwa mafuta na kung'arishwa, ndani kumeliwa na kutu.

Anauza pia Mauser 71, bunduki ya kale ya Kijerumani, kwa jina la "98", aina ya baadaye. Mauser 71 ni ya risasi ya milimita 11 na baruti nyeusi, bolti yake haina meno ya mbele kama ya 98, na baruti za kisasa zinaweza kuivunja.

Usikubali kauli yake kwamba bunduki ya kale haihitaji cheti. Sheria ya Silaha, Sura 114, inataka cheti kabla ya kununua au kumiliki silaha. Waulize kwanza Firearms Licensing Board (bodi ya leseni za silaha), kwa maandishi. Aliyekwisha kutuma pesa ahifadhi ujumbe wa M-Pesa, picha na mazungumzo yote, avipeleke kituo cha polisi, na asiende kukutana na mtu huyo kuchukua mzigo.