Stika za macho: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Funga jicho moja, kisha liguse kwa juu kwa ncha ya kidole, taratibu. Ngozi hiyo ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini: unene wake ni kama nusu milimita tu. Hukunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara kwa siku kila unapopepesa, na ukingoni mwake zimejipanga kope, ambazo gundi huzing'ang'ania kuliko inavyong'ang'ania ngozi yenyewe.

Stika yoyote ya macho, yaani pambo la kubandika, itakaa hapo au karibu na hapo. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuuliza kwanza swali moja: inabanduka vipi? Uzuri wa saa ya kwanza karibu zote zinao. Tofauti huja usiku, umesimama mbele ya kioo umechoka, unataka kulala, na kitu kimeshika kope zako hakitaki kuachia. Nimewahi kuvuta kwa pupa mchoro wa dhahabu uliogoma kutoka, na kope nne zikaja nao. Zilichukua wiki kadhaa kuota tena. Tangu hapo, kabla sijauliza kitu kinapendeza kiasi gani, nauliza kinatokaje.

Namba 1: Wanja wa kubandika

Ukinunua kitu kimoja tu baada ya kusoma hapa, nunua hiki. Ni vipande viwili vyembamba, vya plastiki laini au kitambaa kama mahameli, vilivyokatwa umbo la mstari wa wanja wenye mkia, na vina gundi mgongoni. Kama mkono wako hutetemeka ukishika wanja wa maji, au mkia wa kushoto haujawahi kulingana na wa kulia, hapa ndipo utakapopumua. Vyote viwili vimekatwa kwa kipimo kimoja. Kazi yako ni kuviweka tu. Vikipakwa mafuta kidogo vinaachia bila kuvuta, na ukivirudisha kwenye karatasi yake vingi hutumika tena mara mbili tatu.

Pima jicho lako kabla ya kulipa. Simama mbele ya kioo na rula, pima kutoka kona ya ndani hadi kona ya nje. Watu wazima wengi hupata karibu milimita 30. Linganisha na urefu ulioandikwa kwenye pakiti, ukikumbuka kwamba mkia unavuka nje ya jicho. Kikizidi, kata upande wa ndani, ule wa karibu na pua; ukikata upande wa nje umeondoa mkia, na mkia ndio ulioulipia. Kope za kubandika ni kinyume: hizo hukatwa upande wa nje, kwa sababu nywele zake fupi zimewekwa makusudi zikae karibu na pua. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakaishia kusema wanja wa kubandika haufai.

Acha pia nafasi ya milimita 2 au 3 kabla ya kufika kona ya ndani. Machozi hukusanyika hapo kabla ya kuingia kwenye mifereji yake, na gundi iliyolowa huanza kuinuka. Kipande kilichoinuka kwenye kona hiyo kitakuchoma siku nzima kama unyoya uliokwama.

Kikae juu ya mstari wa kope, kamwe kisishuke kwenye ukingo wenyewe wa jicho. Ukingo huo una matundu madogo sana ya tezi, takriban 25 hadi 40 kwa upande wa juu, yanayotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke haraka. Ukiyaziba, jicho linakauka na kuwasha.

Namna ya kubandika ninayoiamini ni hii: safisha ngozi ibaki bila mafuta wala krimu, tazama mbele macho wazi, anza na mkia, kisha shuka kuelekea ndani ukikandamiza kwa kijiti cha pamba. Ukianza na jicho limefungwa, mkia utauona umepinda pale utakapolifungua, hasa kama ngozi ya juu ya jicho lako huangukia chini na kufunika mkunjo. Wenye macho ya namna hiyo wachague kipande chembamba; kile kinene hukunjika katikati na kuonekana kama kimevunjika. Rangi ya macho ipakwe kabla ya stika, maskara baadaye.

Namba 2: Vito vya kubandika

Vito vinasamehe makosa. Kikikaa vibaya unakitoa, unakiweka pengine, na hakuna atakayejua. Tafuta vyenye mgongo bapa, vya akriliki, vyenye upana wa milimita 2 au 3 kwa eneo la karibu na jicho. Vikubwa zaidi ya hapo ni vizito na huanza kushuka. Vilivyofungwa kwenye fremu ya chuma viache, kwa kuwa nikeli ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi, na huwezi kujua kilicho ndani ya chuma cha bei nafuu.

Mahali pazuri ni kona ya nje, chini ya nyusi, au kwenye mfupa ulio chini ya jicho, yaani penye ngozi isiyokunjana. Nukta tatu tu kwenye kona ya nje zinatosha kubadilisha uso mzima. Gundi inayokuja na vito mara nyingi ni dhaifu, basi nunua pamoja navyo gundi ya kope.

Usitumie gundi ya kucha wala gundi inayokauka papo hapo. Hizo ni sayanoakrilati, huganda zikigusa unyevu, na jicho ni unyevu mtupu. Hata kuziweka kwenye droo moja na dawa ya macho ni hatari: chupa zake zinafanana, na madaktari wa macho wameshapokea watu wengi waliojidondoshea gundi wakidhani ni dawa.

Ukiwa na watoto wadogo nyumbani, hesabu vito unapovitoa.

Namba 3: Michoro iliyokatwa kama lesi

Hii ni stika kubwa yenye matundu na mikunjo ya maua, matawi au mistari, inayozunguka jicho na kushuka shavuni. Phyllis Cohen, mpambaji wa London, ndiye aliyeipa umaarufu kupitia chapa yake ya Face Lace. Kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye paji na shavu, hubanduka kwa urahisi, na iliyotengenezwa vizuri huvaliwa tena. Ni ya picha, jukwaa na sherehe. Mtu anayeenda kazini hana haja nayo. Ikague kabla ya kununua: pinda ncha ya stika kidogo kwa ukucha. Ikibaki imesimama kama kadi, ni ngumu mno kwa uso.

Namba 4: Tatuu za maji

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karatasi ya tatuu imejengwa kwa matabaka: karatasi, utando unaoachia ukipata maji, wino, gundi, na juu kabisa plastiki ya kufunika. Unabandua plastiki, unageuza karatasi ili gundi iguse ngozi, unailowesha kwa sponji kama sekunde 30, kisha karatasi inateleza yenyewe. Ikikataa kuteleza, ongeza maji. Ukiivuta, mchoro unachanika.

Sasa rangi. Wino mwingi wa tatuu hupitisha mwanga. Waridi hafifu, njano au samawati ikibandikwa kwenye ngozi nyeusi, ngozi inaimeza, na unachobaki nacho ni kivuli kisichoeleweka. Picha ya kwenye pakiti imepigwa kwenye karatasi nyeupe au mkono mweupe, haiwezi kukuambia hilo. Kinachookoa rangi ni tabaka jeupe linalowekwa kati ya wino na ngozi. Unaweza kulitambua: ukitazama upande wa mchoro kupitia plastiki, michoro yenye tabaka hilo huonekana imefifia, kama imemwagiwa maziwa, na rangi zake kamili hutokea ikishahamia kwenye ngozi. Michoro ambayo rangi zake zinawaka pale pale kwenye karatasi huenda haina kinga hiyo. Usipokuwa na uhakika chagua nyeusi iliyokolea, nyeupe nzito, au foili ya dhahabu na fedha. Dhahabu kwenye ngozi nyeusi inapendeza kuliko mahali pengine popote, na hilo nalisema kwa moyo mmoja.

Foili ina udhaifu wake: haikunjiki. Ukiiweka juu ya mkunjo wa jicho, itaanza kupasuka mistari mistari kabla sherehe haijafika katikati, na vipande vyake vidogo vitaelekea ndani ya jicho. Iweke kwenye panja, juu ya nyusi, au kuanzia kona ya nje kwenda nje. Hapo hukaa vizuri, na kuitoa ni kazi ya mafuta na subira. Nimeiweka namba 4 kwa sababu wauzaji huiuza kama kitu cha kuvaa juu ya jicho lenyewe, na hapo haifai.

Namba 5: Nyusi za kubandika

Nazo huhamishwa kwa maji, zikiwa na nywele moja moja zilizochorwa. Kwa mtu mwenye nyusi zake, sizipendekezi: gundi hushika nywele badala ya ngozi, mchoro unaelea, na kuutoa kunang'oa.

Lakini kama nyusi zako zimedondoka kwa sababu ya alopesia (ugonjwa wa kupukutika nywele) au dawa za saratani, kwako hii ni namba 1, na puuza mpangilio wangu. Kwenye ngozi tupu hukaa siku kadhaa hata ukioga, na mtu anajiona tena kwenye kioo asubuhi. Chagua kahawia nzito badala ya nyeusi tii, kwa sababu wino mweusi usio na kivuli huonekana kama umepigwa muhuri. Weka alama ndogo tatu kwa penseli kabla ya kubandika: mwanzo, kilele na mwisho. Ukiwa bado kwenye matibabu, muulize daktari wako kwanza, maana ngozi wakati huo huudhika upesi.

Namba 6: Rangi ya macho ya kuhamishia

Ni poda ya rangi mbili tatu iliyopangwa tayari kwenye kipande cha plastiki. Unakandamiza, unasugua, unabandua. Kutoka haina shida kabisa, hutoka kama poda nyingine. Nimeishusha kwa sababu nyingine: umbo moja haliwezi kutoshea macho ya kila mtu, kingo zake hubaki kali, na mwisho unachukua brashi uanze kuzilainisha. Kila kipande ni cha mara moja. Brashi yenyewe na poda ya kawaida vitakufaa zaidi.

Vya kuacha

Glita ya kazi za mikono isikaribie jicho. Chembe zake ni kubwa na zina kona kali, na chembe moja iliyonaswa chini ya ngozi ya jicho inaweza kukwaruza konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Kama lazima uvae glita, iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya macho, na iliyokwisha kushikanishwa kwenye jeli au stika.

Rangi za neoni zinahitaji usome nyuma ya pakiti. Marekani haijaidhinisha rangi hizo kwa eneo la macho, ndiyo maana bidhaa nyingi huandika kwa herufi ndogo kwamba si za kupaka machoni, huku mbele kuna picha ya jicho.

Na ile hina nyeusi, au piko, inayouzwa kuwa ni tatuu ya muda au ya kutia nyusi rangi: iache. Weusi wake mara nyingi hutoka kwa PPD, kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kuchoma ngozi na kuacha mzio wa maisha. Mwaka 1933 rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye PPD, iliwapofusha wanawake huko Marekani na mmoja akafariki. Mkasa huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyosukuma sheria ya vipodozi ya mwaka 1938 nchini humo.

Kabla ya kuvaa, na wakati wa kutoa

Kata kipande kidogo cha stika, kibandike ndani ya kiwiko, ukiache siku nzima, kisha uendelee kupachunguza kwa siku mbili zaidi, kwa sababu mzio wa kugusa huchelewa. Maandishi ya pakiti kwamba bidhaa haileti mzio yasikutoshe. Nchini Marekani, kwa mfano, maneno hayo hayana tafsiri yoyote ya kisheria. Mwenye mzio wa lateksi asome viambato vya gundi, si vya stika tu. Anayevaa lenzi aziweke kabla ya kujipamba, na azitoe kabla ya kubandua.

Wakati wa kutoa, chovya kijiti cha pamba kwenye mafuta laini yasiyo na manukato, pitisha kando ya stika, kisha funga jicho na uhesabu hadi 30. Anza na mkia wa nje, vuta sambamba na ngozi, huku kidole cha mkono mwingine kimeishika ngozi isifuate. Pakigoma, ongeza mafuta, hesabu tena. Jicho likiwa jekundu, likiuma, au mwanga ukikusumbua hata baada ya kuosha kwa maji safi, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Vipande vikishatoka, vifute mafuta, viache vikauke, uvirudishe kwenye karatasi yake kila kimoja mahali pake, cha kushoto kushoto na cha kulia kulia.