Darasa la vijana la Jumamosi hapa Kayole Soweto, nimpeleke mtoto ama niache?

Naandika hii juu wamama kadhaa wameniuliza kama lile darasa la Jumamosi pale ukumbini, la kufunza vijana kuhusu mapenzi, mimba na ukimwi, ni la maana ama ni mambo ya kuharibu watoto. Niko na saluni karibu na steji, nimempeleka mtoto wa dada yangu, ako miaka 17, Jumamosi sita zimefuatana na mara mbili niliomba kuketi nyuma wakanikubalia. Ni bure, hakuna mambo ya kuleta kitambulisho, wanaanza saa nne asubuhi na saa saba mtoto ako nyumbani.

Wanaofundisha ndio nilipenda kwanza. Si mtu wa ofisini amekuja na makaratasi, ni vijana wa hapa hapa waliopewa mafunzo, mmoja alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji, mwingine ni dada wa miaka 22 aliyeacha shule juu ya mimba na anaongea hiyo stori yake bila kuinamisha kichwa. Mtoto wa ploti akiambiwa kitu na mtu anayejua vile caretaker wao anafunga gate saa nne, anaskiza.

Halafu kuna mkebe wa Blue Band umetobolewa juu. Unaandika swali lako kwa kikaratasi, huweki jina, unatumbukiza. Hapo ndio nilijua vile sisi watu wazima tumelala, maswali yenyewe ni kama, P2 naeza meza mara ngapi kwa mwezi, ama nikipima ukimwi leo na nililala na mtu juzi itaonekana? Walijibu polepole, kwamba P2 ni ya dharura tu, inazuia mimba na haizuii ukimwi wala kisonono, na kipimo cha juzi hakiwezi kuonyesha kitu, lazima urudie baada ya miezi mitatu. Lakini kuna kikaratasi kimoja kilisema, yeye ndiye hunilipia nyumba na hataki kondomu, nimwambie nini. Ukumbi wote ulinyamaza. Yule dada hakuhubiri, alikaa na hilo swali karibu nusu saa, akaeleza PrEP ni tembe ya kuzuia virusi vya ukimwi unayomeza kila siku, iko kliniki za serikali tangu 2017 na huhitaji ruhusa ya mwanaume yeyote kuichukua, ila mimba na magonjwa mengine haizuii, halafu akawafanya wasichana wajaribu kusema maneno yenyewe kwa sauti, wawili wawili. Kuna mmoja alilia. Alienda akakaa naye nje chini ya mti na mwenzake akaendelea na darasa.

Kitu kilinigusa sana ni siku ya saa 72. Waliandika hiyo namba kubwa ubaoni, wakasema kama kondomu imepasuka ama mtu amekulazimisha, dawa za PEP, zile za kuzuia virusi vya ukimwi visishike, lazima uanze kabla saa 72 ziishe na mapema ndio bora, halafu unameza siku 28 bila kuruka. Wakawapigisha hesabu. Imetokea Ijumaa saa nne usiku, kliniki ya mtaa haifunguki wikendi, mwisho wako ni lini? Jumatatu saa nne usiku, lakini usingoje Jumatatu, enda casualty ya hospitali kubwa kama Mama Lucy usiku huo huo. Na kama ulibakwa usioge, nguo weka kwa karatasi ya khaki si kwa plastiki, na piga 1195, namba ya msaada kwa waliodhulumiwa, haikati pesa. Mimi nilikaa hapo nikimfikiria msichana aliyekuwa ananisukia hapo mbeleni, yalimpata Jumamosi, akaniambia Jumatano na ni mimi nilimwambia aoge, anywe chai, apumzike. Sikujua. Niko na miaka 38 na hakuna mtu alikuwa amewahi kuniambia.

Sasa mabaya, juu sitaki mtu aseme nimelipwa. Darasa ni nzuri lakini ukitumwa kliniki peke yako unaeza kutana na mtu wa mapokezi anakuuliza kwa sauti mbele ya laini yote umekuja kuchukua nini, ilimpata huyu mtoto wangu na akarudi nyumbani bila kitu. Nilipowaambia walianza kusindikiza vijana wenyewe kila Jumanne, hapo niliwaheshimu. Ingine ni vifaa. Pesa za Marekani zilivyosimamishwa Januari 2025 walifunga miezi kadhaa, na waliporudi walirudi wachache, vipimo vya kujipima nyumbani siku zingine hakuna na pedi ndio kabisa. Pia wavulana na wasichana wanafundishwa pamoja muda wote, na kuna mambo msichana wa 14 hawezi uliza kama kijana wa jirani ameketi kiti cha pili. Wagawanye hata saa moja tu.

Nyota nne. Mwenye ukumbi ameanza kuwadai kodi, kwa hivyo kama uko na kanisa ama chama chenye nafasi Jumamosi asubuhi waongeleshe, viti wanabeba wenyewe. Mimi nimeshasema na wasichana wangu wawili wa saluni, Jumamosi hii tunafungua saa nane.