TGV hadi Avignon, kisha gari la kukodi: uzoefu wangu wa kuunganisha safari Ufaransa

Kama unapanga kuzunguka Ufaransa kwa treni na gari, anza na gari. Watu wengi hukimbilia tikiti ya treni kwanza kwa sababu bei yake hupanda kadiri siku zinavyokaribia, halafu ndio wanatafuta gari. Sisi tulifanya kinyume, na safari nzima ilinyooka kwa sababu hiyo. Treni za kasi, ziitwazo TGV, za kwenda kusini ziko kutwa nzima. Kaunta ya gari ina saa zake. Kwenye miji midogo hufungwa adhuhuri watu wakale, na nyingine hazifunguliwi kabisa siku ya Jumapili. Kwa hiyo tulitazama kwanza kaunta inafunguliwa lini, kisha tukachagua treni inayofika Avignon, mji wa kusini tulikochukulia gari, ikiwa imebaki saa mbili au zaidi kabla haijafungwa.

Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu na mama yangu, ambaye goti lake halitaki ngazi wala masanduku. Ndiyo maana hatukuingia Paris kabisa siku ya kwanza. Uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle una stesheni yake ya TGV pale Terminali 2, na zipo treni zinazotoka hapo moja kwa moja hadi Lyon, Avignon na Marseille. Ukienda mjini ni lazima ufike Gare de Lyon, stesheni ya treni za kusini, maana kila stesheni kubwa ya Paris ina upande wake wa nchi: Montparnasse ni ya Bordeaux na Rennes, Gare de l'Est ni ya Strasbourg, Gare du Nord ni ya Lille. Kuvuka jiji na mizigo na mtu mzima aliyechoka na ndege hakukutuvutia. Tuliacha saa tatu na zaidi kati ya kutua na treni, kwa ajili ya foleni ya uhamiaji na mizigo, na hazikuwa nyingi mno.

Jambo linalowachanganya wageni ni kwamba mji mmoja unaweza kuwa na stesheni mbili. Avignon TGV iko nje, Avignon Centre iko kwenye ukuta wa mji wa kale, na kati yake kuna treni ndogo ya TER ya dakika kama tano. Aix-en-Provence TGV iko kilomita kama 15 kutoka mjini. Anayekwenda Tours mara nyingi hushushwa Saint-Pierre-des-Corps. Aliyewahi kushuka stesheni ya SGR ya Miritini akiwa na miadi katikati ya Mombasa anaielewa hali hiyo. Lakini kwa mwenye gari la kukodi, stesheni ya nje ni neema: kaunta ziko papo hapo, maegesho yako mlangoni, na unatoka moja kwa moja kwenye barabara kuu bila kupambana na vichochoro vya mjini siku ya kwanza ya kuendesha upande wa kulia.

Treni yenyewe naipa nyota tano. Nilikata tikiti kwenye SNCF Connect, tovuti ya shirika la reli la Ufaransa, kwa Kiingereza, miezi michache kabla, na kila abiria ana kiti chake chenye namba. Namba ya jukwaa huonekana kwenye ubao dakika kama ishirini tu kabla ya kuondoka, kwa hiyo usihangaike ukiona pako tupu. Milango hufungwa dakika mbili kabla ya saa iliyoandikwa, na hawasubiri mtu. Chini jukwaani kuna herufi zimetundikwa, na ubao unaonyesha behewa lako litasimama karibu na herufi ipi. Mama aliwaona watu wamejikusanya kwa vikundi akaniuliza, "Mwanangu, mbona hawa wamesimama mbalimbali?" Tukasogea hadi herufi yetu, na mlango ukafunguka hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Hili ni muhimu, kwa sababu mara nyingi treni mbili huunganishwa, na ukipanda ile isiyo yako huwezi kupita ndani kwenda nyingine. Nyingine hutenganishwa njiani, kila moja ikaenda mji wake. Andikeni majina kwenye mizigo pia, ni sharti.

Wakati wa kukodi gari tuliandika namba ya treni kwenye fomu, ili treni ikichelewa wajue tuko njiani. Fanyeni hivyo bila kukosa. Kaunta ilimtaka mume wangu leseni ya Kenya, kibali cha kimataifa cha kuendesha tulichochukua AA Kenya, pasipoti, na kadi ya krediti yenye jina lake yeye dereva. Kadi ya kawaida ya benki hawakuikubali kwa amana. Kama humudu gari la gia, agiza otomatiki mapema na ujiandae kulipa zaidi, kwa sababu kule gari la gia ndilo la kawaida. Mume wangu aliendesha gia, na ugumu haukuwa barabara bali mkono: miaka yote umebadilisha gia kwa kushoto, sasa ni kulia.

Hapo kwenye gari ndipo ninapopunguza nyota. Kampuni tuliyokodi (siitaji) ilituandikia siku chache baada ya kurudisha, ikidai mkwaruzo kwenye rimu ya tairi la mbele. Mkwaruzo huo tulikuwa tumeupiga picha pale pale Avignon kabla ya kuwasha injini, pamoja na pande zote nne, kioo, kipimo cha mafuta na kilomita. Nilituma picha, dai likafutwa. Lakini ilichukua barua pepe nyingi, na sioni kwa nini mteja awe na kazi hiyo wakati karatasi yao ya makabidhiano ilikuwa na nafasi ya kuandika kila alama.

Provence, eneo hilo la kusini, bila gari ungeona nusu tu. Pont du Gard, lile daraja la maji la Warumi lenye urefu wa karibu mita 49 kwenda juu, ni mwendo mfupi kutoka Avignon. Vijiji vya Gordes na Roussillon viko juu ya vilima ambako mabasi ni machache. Kwenye barabara hizo ndogo kikomo ni kilomita 80 kwa saa, na pasipo alama, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita hata kama njia yake ni ndogo. Kwenye barabara kuu ya A7 tulilipia tozo pale Lançon: pita mlango wenye mshale wa kijani, uache wenye herufi t ya rangi ya machungwa pekee, huo ni wa wenye kifaa maalumu kwenye kioo.

Marseille hatukuingia na gari. Tulilirudisha Aix-en-Provence TGV, tanki likiwa limejaa kutoka kituo cha supamaketi ambako mafuta ni nafuu kuliko ya barabara kuu, tukapanda treni hadi Saint-Charles, stesheni kuu ya Marseille, kwa dakika chache. Nje ya stesheni hiyo kuna ngazi 104 za mawe. Ni nzuri kutazama, lakini mwenye mtu mzima ashuke kwa metro iliyo chini ya jengo. Jiji lina jamii kubwa ya Wakomoro, na mama alipata watu wa kusalimiana nao sokoni Noailles, akafurahi kuliko alivyofurahia vijiji vyote vya mawe.

Kurudi kulikuwa rahisi: TGV ya moja kwa moja kutoka Marseille hadi uwanja wa ndege, tukalala hoteli ya karibu, tukaruka asubuhi. Sikuthubutu kuunganisha treni na ndege siku moja, kwa sababu treni ikichelewa nusu saa na zaidi utafidiwa sehemu ya nauli, lakini ndege haitakungoja. Treni nyota tano, gari tatu. Amana ilirudi kwenye kadi baada ya kama wiki mbili, kamili.